Fasihi Linganishi: Atakaye Kulinganisha Ajue Lugha

Kijana wa Kisii au Nyamira akisema kwamba anataka kusomea fasihi linganishi katika chuo kikuu, wazee wake humwuliza: "Kazi yake nini?" Swali hilo ni la haki, kwani karo ni mzigo. Lakini mimi naona lipo swali linalotangulia: atalinganisha nini na nini?

Tukumbuke tulikotoka. Mwezi wa Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza katika chuo cha Nairobi ivunjwe, iwekwe idara ambayo Afrika ndiyo kitovu chake. Walitaka masimulizi ya wazee yapewe heshima, na fasihi ya Kiswahili na ya Kiarabu ihesabiwe kuwa miongoni mwa mito inayotulisha. Idara ikabadilika. Hata hivyo, lugha ya kufundishia ikabaki Kiingereza, na Kiswahili kikawa na mlango wake mbali.

Ndipo mwanafunzi Mgusii anapoweza kulinganisha ngano za bibi yake na tamthilia za Shakespeare, zote kwa Kiingereza, bila kuugusa utenzi hata mmoja. Na Kiswahili ni ndugu wa Ekegusii: mtu wao humwita omonto, na watu ni abanto.

Sisi wa Pwani nasi tusijione. Ni kweli kwamba wazee wetu walitangulia: Sayyid Aidarus wa Pate aliifasiri Hamziya ya al-Busiri wa Misri, Kiarabu na Kiswahili vikaandikwa pamoja, mstari kwa mstari. Lakini ni wangapi kwetu wanaoijua obokano, ala ya Wagusii yenye nyuzi nane, na nyimbo zake?

Kisii ina chuo kikuu kamili tangu mwaka 2013, na mshairi Christopher Okemwa ameasisi huko tamasha la Kistrech, lililowakutanisha washairi wa nchi mbalimbali. Uwanja upo.

Rai yangu ni hii: asipewe shahada ya fasihi linganishi mtu asiyesoma kazi za lugha mbili za Afrika, mojawapo Kiswahili. Hapo wazee watapata jibu lao. Mtu huyo atafundisha, atafasiri, na atayaandika maneno yao kabla hayajazikwa pamoja nao.