Vyuo Vyetu Vifundishe Elimu ya Mifupa

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, huanza msimu wa wazazi kuulizana ni kozi ipi yenye kazi na ipi isiyo nayo. Hapa Katangi swali hilo huletwa kwangu, kwa kuwa watu huniita daktari, ingawa udaktari wangu ni wa isimu na haujawahi kumponya mtu hata mafua. Majuzi mzee mmoja jirani alinijia na jambo ambalo sikulitarajia. Binti yake anataka kwenda chuo kikuu kusoma mifupa ya binadamu. "Daktari," aliniambia, "mtoto huyu nimemsomesha kwa mbuzi na ndengu. Sasa aende akafukue makaburi ya watu?"

Nilimjibu mzee kwa heshima aliyostahili, lakini jibu kamili ni refu kuliko mazungumzo ya mlangoni, na swali lenyewe si lake peke yake.

Kwanza, sisi Wakamba ndio watu wa mwisho wanaopaswa kuishangaa kazi hii. Marehemu Kamoya Kimeu alizaliwa Makueni, sehemu ambayo hadi miaka ya tisini ilihesabiwa ndani ya wilaya ya Machakos. Alianza kama kibarua wa akina Leakey mwaka 1960, akiwa na elimu ya shule ya msingi tu, katika zama ambazo kushika mifupa ya wafu kulikuwa mwiko nyumbani. Mwaka 1964 aliokota taya la kale huko Peninj, Tanzania. Mwaka 1984, Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, jicho lake liliangukia kipande kidogo cha fuvu kati ya changarawe, na kutokana nacho ikapatikana karibu mifupa yote ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Wengi wa kikosi chake walikuwa Wakamba wenzake. Chuo kikuu cha Case Western Reserve, huko Marekani, kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari mwaka 2021, mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake.

Hivyo basi, ujuzi tulikuwa nao. Kinachosikitisha ni kwamba tumeutumia kwa wafu wa miaka milioni na kuwasahau wa juzi.

Machakos haihitaji kufundishwa jambo hili kwa mifano ya ng'ambo. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001 haukuwa usiku kama mwingine. Bweni la shule ya upili ya Kyanguli liliteketea na wanafunzi 67 wakafa. Miili iliungua kiasi kwamba wazazi hawakuweza kuwatambua wana wao kwa sura, na wengi wa wavulana hao walizikwa pamoja katika ardhi ya shule. Kwetu sisi, ambao kaburi la mtu huwa katika shamba la babake, kuzika bila kujua umemzika nani ni msiba wa pili juu ya ule wa kwanza.

Kisha ikaja Shakahola. Kuanzia Aprili 2023 msitu huo wa Kilifi ulitoa miili zaidi ya 400. Mingi ilikuwa imeoza, mingine ilikuwa mifupa mitupu. Tegemeo kubwa lilikuwa vinasaba, yaani DNA. Mwanzoni mwa mwaka 2024 iliyokuwa imetambuliwa kwa njia hiyo ilikuwa 34 tu, na familia za kwanza zilikabidhiwa miili yao mwezi wa Machi mwaka huo. Mwaka 2025 makaburi mengine yalifukuliwa Kwa Binzaro, katika kaunti hiyo hiyo.

Sidharau vinasaba. Lakini kipimo hicho kina sharti moja ambalo wengi hawalifikirii: lazima awepo jamaa wa kulinganishwa naye. Katika Shakahola waliingia msituni watu na wake zao na watoto wao. Ni nani aliyebaki nyumbani kutoa mate yake? Hapo ndipo mifupa inapozungumza. Nyonga humwambia mtaalamu kama marehemu alikuwa mwanamume au mwanamke. Meno na ncha za mifupa humwambia umri. Mfupa wa mtulinga, ule wa juu ya kifua, ndio wa mwisho kukomaa: ncha yake iliyo upande wa kidari hushikana mtu akiwa amepita miaka 20 na kuielekea 30. Mfupa wa paja hukadiria kimo. Muundi uliovunjika utotoni ukaunga huweka kovu, na mama hakosi kukumbuka mwaka ambao mwanawe alianguka kutoka mwembeni. Kwa alama hizo, orodha ya mamia ya waliopotea hupunguzwa hadi majina machache, na ndipo maabara inapojua imtafute nani.

Ni elimu ya makadirio, nakiri, na wataalamu hubishana. Huyo kijana wa Nariokotome aliwahi kukadiriwa miaka 11 hivi. Waliochunguza meno yake baadaye wakasema 8 au 9. Lakini ubishi huo ndio unaoonyesha kwa nini tunahitaji watu wetu. Kanuni za kukadiria kimo zinazotumiwa sana, za Trotter na Gleser za mwaka 1952, zilitokana na mifupa ya Wamarekani, wakiwamo askari waliokufa katika Vita Vikuu vya Pili. Miguu ya Mturkana haikupimwa. Mwaka 1961 David Allbrook, aliyekuwa akifundisha anatomia Makerere, alichapisha vipimo vya wanaume wa Afrika Mashariki akilinganisha na Waingereza. Kazi hiyo ilistahili kuendelezwa na vizazi vya wanafunzi.

Vyuoni mwetu mwanafunzi wa utabibu huisoma mifupa ili amtibu aliye hai, na wa akiolojia huisoma ili aijue historia. Maiti aliyekaa kaburini miaka miwili huangukia katikati, hana wa kumsoma. Wakati huo huo, wanafunzi kutoka ng'ambo hulipa fedha nyingi waje Turkana kufundishwa katika ardhi yetu.

Mzee wangu atauliza kuhusu kazi, na ana haki. Bunge lilipitisha mwaka 2017 sheria ya kuunda huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo. Shakahola ilipotokea, miaka sita baadaye, huduma hiyo ilikuwa bado karatasini. Basi nafasi za kazi zipo katika sheria, hazipo katika bajeti. Hata hivyo, Argentina haikungoja nafasi. Baada ya utawala wa kijeshi wa 1976 hadi 1983, Mmarekani Clyde Snow alipofika mwaka 1984 kusaidia kuwatafuta waliotoweka, waliokubali kushika sepetu na brashi pamoja naye walikuwa vijana wachache wa chuo kikuu. Kikundi chao kimekwisha kufanya kazi katika nchi nyingi, hata kwa jirani zetu Waethiopia.

Liko jambo moja la mwisho, na hili ni la taaluma yangu. Jamaa wa marehemu huelezwa matokeo kwa Kiingereza cha hospitali, au kwa tafsiri ya karani aliyebanwa na wakati. Ilhali Kiswahili kina mtulinga, muundi, kidari, kombe la bega na kilegesambwa, maneno ambayo wanafunzi wengi wa utabibu hawajawahi kuyasikia. Nimeanza kukusanya majina ya mifupa yote 206 kwa Kiswahili na kwa Kikamba. Mikubwa haikunipa taabu. Lakini kwa vifupa vinane vya kifundo cha mkono sijapata hata jina moja, na msomaji aliyewahi kusikia lolote, hasa kwa waganga wa jadi waungao mifupa, namwomba aniandikie kupitia gazeti hili.