Bariadi inakua, nani anapima vumbi lake?

- Tafiti nyingi za usafiri na hewa hufanyika majiji makubwa
- Shida ya Bariadi siyo foleni, ni vumbi na safari zinazoongezeka
- Namna ya kuhesabu safari inaweza kuamua mtaa upi upate lami kwanza

Ukitaja hewa chafu ya barabarani, wengi huwaza foleni za Dar es Salaam au Nairobi. Bariadi haina foleni ya maana, lakini kukosa foleni siyo sawa na kuwa na hewa safi.

Mji huu ndio makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157 mkoani. Ya 2022 ikakuta 2,140,497, ongezeko la zaidi ya watu 550,000 ndani ya miaka 10. Watu wakiongezeka, safari za sokoni, shuleni na hospitali nazo zinaongezeka.

Barabara kuu ya Maswa–Bariadi–Lamadi ina lami, ila ukiiacha na kuingia mitaani unakutana na udongo. Kiangazi ndio balaa zaidi, maana ndio msimu wa kuuza pamba. Malori yanafuata mzigo vijijini wakati ardhi imekauka, na lori moja likipita, mtaa mzima unakula vumbi.

Nairobi ilipima ikakuta nini?

Julai 2009, watafiti walipima chembe ndogo za PM2.5, zile zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Pembezoni mwa mtaa wa katikati ya Nairobi, wastani wa mchana ulikuwa mikrogramu 98.1 kwa kila mita ya ujazo. Nje ya jiji ulikuwa 10.7. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara tisa.

Utafiti mwingine, uliochapishwa 2014, ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya chembe hizo Nairobi zilitokana na magari pamoja na vumbi la ardhi. Kumbe hata kwenye jiji lenye lami kibao, vumbi halipuuzwi.

Dawa ya jiji haitoshi

Dar es Salaam ilianza mwendokasi 2016 ili basi moja libebe watu wengi. Bariadi watu wanatembea, wanaendesha baiskeli au wanapanda bodaboda. Anayetembea hachangii moshi wala vumbi, lakini ndiye anayelivuta.

Ndiyo maana utafiti wa safari huanzia nyumbani: nani alitoka leo, saa ngapi, kwenda wapi na kwa chombo gani? Ukihesabu magari tu, lami itafuata malori. Ukihesabu na wanafunzi wanaotembea, njia ya shule inaweza kutangulia. Hapo ndipo takwimu zinapogusa maisha ya mtu.

Kuna mtego mmoja, jikoni. Mtafiti asipouliza familia inapikia nini, anaweza kuilaumu bodaboda kwa moshi wa kuni. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Moshi wa jikoni ukipungua, sehemu ya barabara kwenye uchafu wa hewa itazidi kuonekana.

Lami nayo siyo jibu la kila kitu. Inapunguza vumbi, lakini pia inaongeza mwendo wa vyombo. Bila njia ya waenda kwa miguu, mtu anaepuka kikohozi na kuingia kwenye hatari ya kugongwa.

Faida ya Bariadi ni kwamba bado haijabanana. Kutenga njia ya miguu na baiskeli sasa, kabla nyumba na fremu za maduka hazijasogea barabarani, ni rahisi kuliko kuja kubomoa na kulipa fidia baadaye. Ila huwezi kupanga usichokihesabu.