Ma-DJ wa Kakamega Waialike Isukuti

Mwenye klabu mjini Kakamega atakaye kujaza ukumbi hukimbilia mabango na kupunguza kiingilio. Hayo hayatoshi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro huzisikia nyimbo zizo hizo katika simu yake bila kumlipa DJ hata ndururu; kwa nini basi atoke usiku? Atatoka kufuata asichoweza kukipata chumbani mwake. Nacho kipo: isukuti ya jamii za Isukha na Idakho, ngoma tatu na pembe, ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiorodhesha miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. DJ na awaachie wapigaji hao jukwaa kwa saa moja, nao walipwe ujira kamili, si soda na nauli.