Waacheni Watoto Walale Mchana

Kuna imani moja iliyowakaa wazazi wengi, nami naipinga waziwazi: kwamba ukishatoa pesa nyingi kuwapeleka watoto wadogo kwenye bustani kubwa ya burudani kama Walt Disney World ya Florida, ni lazima uitumie kila saa uliyoilipia. Geti likifunguliwa asubuhi muwepo. Fataki zikirushwa usiku muwepo. Na hapo katikati mpande kila kinachopandwa. Mzazi anayesema saa sita mchana atarudi hotelini akamlaze mtoto huonekana mfujaji. "Yaani umetoa pesa zote hizo, umesafiri huko kote, uende ukalale?" Huuliza shangazi, huuliza mfanyakazi mwenzako, huuliza jirani aliyekwenda mwaka juzi, na usiku wa kupanga safari mtu hujiuliza mwenyewe.

Nasema ndiyo. Mkalale.

Kinachoharibu safari ya kwanza ya familia yenye watoto wa miaka miwili, mitatu au minne si foleni wala mvua. Ni ratiba iliyopimwa kwa nguvu za mtu mzima, kisha akatwishwa mtoto.

Nenda ukasimame mbele ya kasri la Magic Kingdom, mojawapo ya bustani nne za Walt Disney World, saa nane mchana mwezi wa Julai. Joto limefika nyuzi 33, hewa ni nzito, na mawingu ya radi yanajikusanya kama ilivyo karibu kila alasiri ya kiangazi cha Florida. Mtoto wa miaka minne amejitupa chini, kiatu kimoja kimevuka, uso umelowa jasho na machozi. Mama anajaribu kumnyanyua kwa kwapa, naye amelegeza mwili wote. Baba ameshika simu, anaangalia dakika zilizobaki kabla zamu yao haijapita. "Nyamaza basi, tumekuja huku kwa ajili yako!" Watu wanapita wakimtazama mtoto kama aliyekosa malezi. Hajakosa malezi. Ameamshwa saa kumi na moja alfajiri, ametembea tangu saa mbili, na saa ya usingizi wake imepita bila mtu kuiona.

Wataalamu wa usingizi wa Marekani wanasema mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku, ule wa mchana ukiwemo. Sasa piga hesabu ya hiyo ratiba. Fataki za Magic Kingdom hurushwa saa tatu au saa nne usiku. Zikiisha, umati mzima unaelekea getini kwa pamoja. Na geti la Magic Kingdom halipakani na maegesho. Kuna ziwa katikati, unalivuka kwa feri au unalizunguka kwa treni, ndipo ulifikie gari. Mpaka mtoto awekwe kitandani ni karibu saa sita za usiku. Kesho yake, saa kumi na moja, anaamshwa tena. Siku ya pili ya safari ya namna hiyo hakuna mwenye raha humo ndani, na siku ya tatu mke na mume wanajibizana kwa mkato mbele ya watu.

Imani hii ya kutumia kila saa uliyoilipia ina historia yake. Magic Kingdom ilipofunguliwa Oktoba 1, 1971, kiingilio cha mtu mzima kilikuwa dola 3.50, na michezo yenyewe ililipiwa kwa kuponi za daraja A mpaka E, zile za E zikiwa za michezo mikubwa. Familia iliyokaa kivulini saa nzima haikupoteza kitu. Kuponi zao walikuwa nazo mfukoni, na wengi walirudi nazo nyumbani zikakaa kwenye droo kwa miaka. Mwaka 1982 kuponi zikaondolewa, ikabaki tiketi moja ya siku nzima. Tangu hapo kukaa kukageuka hasara: kila dakika ambayo mtoto hajapanda kitu, mzazi anahisi shilingi inamdondoka.

Kisha likaja suala la foleni. Mwaka 1999 Disney walianzisha FastPass, njia ya kukwepa foleni bila malipo. Ikasimamishwa mwaka 2020 wakati wa korona na haikurudi. Mwaka 2021 ikaja ya kulipia, na tangu Julai 2024 mtu hununua Lightning Lane, ambayo bei yake hubadilika kwa tarehe. Aliyepanga kwenye hoteli za Disney anaruhusiwa kuchagua saa zake siku 7 kabla ya kufika, wengine siku 3 kabla ya siku yenyewe, kuanzia saa moja asubuhi kwa saa za Florida. Basi baba wa watu anaanza kukimbizana na simu hata begi halijafungwa. Sisemi usinunue. Foleni ya zaidi ya saa moja kwa mtoto wa miaka mitatu ni adhabu, na mwenye uwezo wa kumwondolea afanye hivyo. Ninachosema ni kwamba mpango mzima umejengwa juu ya hofu ya kukosa, na mzazi anayeingia akiwa na nia ya kurudisha pesa yake ndiye anayenaswa kwa urahisi kuliko wote. Pesa ikishatoka imetoka. Haitarudi kwa kumburuta mtoto kwenye mchezo wa kumi na nne.

Halafu kuna ahadi. Miezi mitatu kabla ya safari mtoto anaonyeshwa video kwenye simu: "Utapanda hii, na hii, na ile treni." Hakuna aliyempima urefu. Ili kupanda Seven Dwarfs Mine Train, treni ya wale vijeba saba, lazima mtoto awe na sentimita 97. Space Mountain inataka 112, TRON inataka 122. Mtoto wa kawaida aliyetimiza miaka mitatu ana kama sentimita 95 au 96. Yaani wengi wao wanakosa kwa upana wa kidole. Pale mlangoni mfanyakazi anamsimamisha mtoto kwenye kipimo, anamwambia akanyage visigino vyote chini. Mtoto anajivuta shingo. Kipimo kinapita juu ya kichwa chake, na jibu ni hapana. Hakuna kubembeleza wala kuzungumza pembeni, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, maana kipimo hicho ni cha usalama wake. Lakini machozi yale yalianzia sebuleni kwenu. Chukua futi ya fundi cherehani leo, mpime ukutani bila viatu, ndipo uanze kutamka majina ya michezo.

Na isiyo na kipimo cha urefu imejaa tele. Tembo wa Dumbo, Peter Pan's Flight, Winnie the Pooh, mashua za "it's a small world", farasi wa mbao wanaozunguka. Mtoto wa umri huo akimpenda Dumbo atataka kumpanda mara nne, na hapo ndipo ratiba ya mzazi inapogombana na furaha ya mtoto. Mzazi anasema tumeshapanda, twende kwingine. Mtoto anasema tena. Ni kama hadithi ya bibi: mwisho wake anaujua, na ndiyo maana anataka irudiwe. Mpeni hiyo mara ya nne. Kama foleni ni fupi, mpeni na ya tano.

Kuna jambo linaloniuma zaidi kuhusu familia zetu. Ndani ya Animal Kingdom, bustani iliyofunguliwa mwaka 1998, kuna kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki kinachoitwa Harambe. Waliokisanifu waliitazama Lamu: kuta zilizochujuka chokaa, milango ya mbao, mabango na matangazo yenye Kiswahili. Hapo hapo unaanzia msafara wa Kilimanjaro Safaris, lori la wazi linalopita kwa dakika kama ishirini kati ya twiga, vifaru na simba wa kweli, na mtoto wa umri wowote anaruhusiwa. Sasa fikiria mtoto wa Mswahili aliyezaliwa Minneapolis au Toronto, ambaye Kiswahili anakisikia kwa mama na kwa bibi kwenye simu tu. Amefika mahali ambapo lugha ya nyumbani kwao imeandikwa ukutani, mbele ya maelfu ya wageni. Robo saa ingetosha kumsomea maneno yale, kumwambia bibi yako anatoka kwenye pwani ambako nyumba zimejengwa hivi. Lakini ratiba inasema saa nne na nusu muwe Pandora, eneo jingine la bustani hiyo, kwa hiyo wanapita mbio, kigari cha mtoto kinarukaruka juu ya sakafu, na mtoto haambiwi lolote. Hapo panahitaji watu wasio na haraka.

Najua jibu la wanaonipinga, na lina uzito. Anayetoka Dar es Salaam au Nairobi hapandi basi asubuhi akafika Florida. Ameweka akiba kwa miaka, amelipia viza ya kila mtoto hata mchanga, amevuka bahari, na huenda asirudi tena maishani. Kumwambia mtu huyo alale mchana ni kumtukana? Hapana. Huyo ndiye anayestahili zaidi kulala. Kama safari ni ya mara moja, basi kila alasiri ya kilio imekula sehemu ya kitu ambacho hakitapatikana tena. Na bei zenyewe zinamsaidia: kwenye tiketi ya siku nyingi, wastani wa bei ya siku moja hushuka kadiri unavyoongeza siku. Badala ya siku mbili za saa kumi na nne, nunua siku nne za saa tano, uache bustani mbili kati ya nne bila kuziona kabisa. Tiketi inakuruhusu kutoka na kurudi siku hiyo hiyo, na maegesho hulipiwa mara moja kwa siku. Mtaka yote hukosa yote.

Yupo pia aliyepanga hoteli ya bei nafuu mbali, ambaye kwenda na kurudi kutamla saa mbili. Huyo asijisumbue kurudi. Amalize siku yake saa saba mchana, jioni watoto wacheze kwenye bwawa la hoteli, ambalo wengi wao watalipenda kuliko kasri. Au mtoto alale kwenye kigari ndani ya jumba lenye kiyoyozi wakati wazazi wanakula. Kigari kisizidi sentimita 79 kwa upana na 132 kwa urefu, vinginevyo kitazuiwa getini. Chakula mnaruhusiwa kuingia nacho, kwa hiyo chapati na mayai ya kuchemsha havina tatizo, na maji ya baridi hutolewa bure kwenye migahawa ya kuhudumiwa kaunta. Michezo mikubwa wazazi wapande kwa zamu: Disney wana utaratibu rasmi ambapo mmoja hubaki na mtoto, kisha mwenzake hupanda bila kupanga foleni upya. Mtoto aliyelala hamzuii mtu kupanda.

Wengine hujitetea kwa kumbukumbu. Wanasema wanamjengea mtoto kumbukumbu, kwa hiyo lazima aone kila kitu. Lakini sisi sote tunajua kwamba tuliyoyaona kabla ya miaka mitatu hatuyakumbuki, na ya miaka minne tunayakumbuka vipande vipande. Mtoto huyu hatakuwa na orodha ya alivyovipanda. Kwa hiyo kinachobaki kununuliwa ni siku yenyewe wakati inaendelea: je, alicheka, alishiba, alilala, alishikwa mkono na mtu asiye na hasira? Ukishakubali kwamba hatakumbuka, sababu ya kumbeba ovyo kutwa nzima inakufa.

Walt Disney mwenyewe alisimulia kwamba wazo la bustani yake lilimjia akiwa ameketi kwenye benchi katika Griffith Park, Los Angeles, akiwatazama binti zake wawili wakizunguka kwenye farasi wa mbao. Alitaka mahali ambapo wazazi na watoto wangefurahi pamoja, na mwaka 1955 akafungua Disneyland huko California. Neno zito hapo ni pamoja. Baba anayeangalia simu kutwa nzima na mtoto anayelia hawako pamoja, hata kama wamekaa kiti kimoja cha treni.

Haya hayaihusu Florida tu. Familia nyingi za Dar, Zanzibar na Mombasa siku hizi huenda Dubai, ambako Legoland iliyofunguliwa mwaka 2016 imelengwa kwa watoto wa miaka 2 hadi 12. Nako watu wanakwenda Julai, joto likipita nyuzi 40, na ratiba ni ile ile ya kutwa kucha. Nendeni Desemba au Januari kama likizo ya shule inaruhusu, na mchana mkae ndani.

Wazazi mnaopanga safari hii mwaka huu, chukueni orodha yenu ya michezo mkate nusu yake kabla ya kulipia chochote. Andikeni saa ya kulala ya mtoto kwanza, ndipo mpange mengine kuizunguka. Na sisi ndugu na marafiki tunaobaki nyumbani tuwasaidie: wakirudi, tusiwaulize walipanda vingapi.