Pembea Mbili, Faili Limevuka Bahari

Mhariri,

Nipe nafasi nitoe dukuduku langu kabla halijanipandisha presha. Nimetoka ofisini asubuhi hii hii na jasho la njiani halijakauka.

Sisi wazazi wa mtaa mmoja hapa Chake Chake tulikubaliana kuwawekea watoto pembea mbili, ngazi ya kupandia na magogo ya kutembelea ndani ya kijisitu cha serikali kilicho ubavuni mwa nyumba zetu. Mbao tumechanga wenyewe: mfenesi ulioangushwa na upepo shambani kwa mwenzetu, na vigogo vya mnazi. Seremala ni kijana wetu, hataki ujira. Serikali hatukuiomba hata msumari. Tuliomba ruhusa tu.

Sheha, Mungu ambariki, alitupa barua siku ile ile. Hapo ndipo yalipoanza. Ofisi ya kwanza ikasema yao ni ardhi, miti haiwahusu. Wa miti wakasema hawana neno, ila kila kinachosimama juu ya ardhi ni ujenzi, nirudi kwa wale wa mwanzo. Huko nikapewa fomu ya kujengea nyumba. Wallahi, Mhariri, nimeijaza kwa mkono wangu: idadi ya ghorofa, hakuna, choo, hakuna, shimo la maji machafu, hakuna, matumizi ya jengo, kupembea. Kijana wa mapokezi akaugeuza mchoro wetu juu chini, akauliza pembea hizi ni za muda au za kudumu. Nikamwambia ni za mbao. Akaandika "za kudumu", na ada ikapanda.

Leo naambiwa faili limevuka, liko Unguja, na mkubwa wa kulitia saini yuko semina.

Kiwanja cha kufurahishia watoto pale Tibirinzi tunakijua na tunakishukuru, lakini kwa mtu mwenye watoto watano na nauli ya kuhesabu, hicho ni cha sikukuu. Siku nyingine wetu wanacheza barabarani, gari za mchanga zikiwapita ubavuni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na kifungu cha 31 kinataja mchezo waziwazi. Sheria yetu ya misitu, Namba 10 ya 1996, nayo imeweka njia ya wanajamii kukabidhiwa msitu wausimamie. Ikiwa twaweza kuaminiwa msitu, vipi tusiaminiwe pembea?

Wanaokata miti usiku kwa misumeno ya moto hawajazi fomu. Mlio tunausikia, simu tunapiga, na anayepokea anatuuliza tuna ushahidi gani.

Na waheshimiwa wetu je? Wakati wa kampeni lilijengwa jukwaa ndani ya kijisitu hicho hicho, la mbao vile vile, spika zikafungwa mitini, wala sikusikia mgombea aliyeulizwa idadi ya ghorofa. Misumari ya mabango yao bado imo kwenye magome ya mivinje, imeshika kutu. Mjukuu wangu alichanika kiganja kwa mmojawapo. Jukwaani pale pale tuliahidiwa viwanja vya michezo. Wao viti wameshapata, sisi hata ubao wa pembea tunaukalia kwa barua ya kibali.

Ombi letu ni dogo. Tujibiwe kwa maandishi, ndiyo au hapana, na kama ni hapana tuonyeshwe kifungu kinachokataza. Masika yanakaribia na mbao zetu ziko nje, nyuma ya msikiti, zimefunikwa makuti tu. Na waliogongomea mabango waje wang'oe misumari yao; kwa kazi hiyo hatutawadai kibali.

Babu wa watoto,
Chake Chake, Pemba