Kitanzi cha Uzi na Sitara ya Mwanamichezo

Je, msomaji, umepata kuitazama kwa makini fulana uliyoivaa? Ivute upande, itarefuka. Iachilie, itarudi ilivyokuwa. Kisha chukua leso uivute vivyo hivyo: hainyumbuki. Na huenda zote mbili ni za pamba. Basi tofauti imetoka wapi?

Leso imefumwa kwa mtande na mshindio. Nyuzi zake zimenyooka zikapishana. Fulana, kama sweta na soksi, imefumwa kwa vitanzi, kila kimoja kikipita ndani ya mwenziwe. Ukiivuta, uzi haurefuki. Ni vitanzi vinavyobadili umbo.

Ufundi huu si mgeni kwa Waislamu. Miongoni mwa vipande vyake vya kale vilivyosalia ni soksi za pamba, za buluu na nyeupe, zilizofumwa Misri katika zama za Kiislamu. Na huko Hispania, katika kaburi la mwana wa mfalme Fernando de la Cerda, aliyefariki mwaka 1275, ulikutwa mto wa hariri wa vitanzi, umepambwa kwa neno la Kiarabu lenye maana ya baraka.

Kwa nini tuyazungumze haya leo? Kwa sababu kitanzi hicho kimeingia katika mjadala wa dunia. Mwezi wa Juni 2011, wanawake wa Iran walizuiwa kucheza kandanda na Jordan mjini Amman, katika mchujo wa Olimpiki, kwa ajili ya kitambaa cha kichwani. Sababu mojawapo iliyotolewa ni kuwa kingeweza kumdhuru mchezaji shingoni. Wabunifu wakajibu kwa kazi: ushungi usio na pini, wa kitambaa kinachonyumbuka, unaofunguka ukivutwa. Mwaka 2012 ukaruhusiwa kwa majaribio, na Machi 2014 ukakubaliwa moja kwa moja. Mwaka 2017 kampuni ya Nike ikatangaza ushungi wake wa michezo. Hoja ya usalama ilijibiwa kwa uzi na sindano.

Lakini uzi gani? Hapa ndipo elimu inapohitajika. Katika hewa ya kawaida, sufi ya kondoo hubeba unyevu kadiri ya asilimia 16 ya uzito wake, pamba kama asilimia 8, na polista haifiki hata asilimia 1. Pamba hulinyonya jasho ikawa nzito, nayo hukauka polepole. Polista hailinyonyi, jasho hupenya katikati ya nyuzi, likatandazwa juu ya kitambaa na kupeperushwa na upepo. Ndiyo maana wanamichezo huichagua. Hata hivyo, polista iliyofumwa kwa kubanana, bila matundu, humpikia mvaaji jasho lake mwenyewe, hasa katika fukuto letu la kaskazi.

Na matundu nayo yana mtihani wake: yakizidi, sitara imekwenda, yakipungua, pumzi imekwenda. Kazi ya mbunifu ni kupima unene wa uzi, ukubwa wa kitanzi na idadi ya matabaka hata vyote viwili vipatikane. Kipimo hicho hakitoki katika picha za mitindo. Hutoka kwa anayeijua nyuzi, na anayemjua atakayeivaa.

Hapa Pwani hatukosi mikono. Wanawake wetu hutoboa na kudarizi kofia za vito kwa subira ya miezi. Wengine hufuma vitambaa vya meza kwa sindano. Lamu hulimwa pamba. Lakini binti yetu akitaka ushungi wa kukimbilia, aghalabu hununua uliobuniwa ng'ambo, kwa hali ya hewa ya wenyewe. Shule na vyuo vinavyofundisha ushonaji vifundishe pia tabia za nyuzi, na fundi akae na mwalimu wa sayansi. Hakuna aijuaye joto la Mombasa kuliko aishiye ndani yake, na wahenga walikwisha sema: cha kuazima hakisitiri.