Mtu mbali, chupa mbali



Wiki hii tuongee filamu ya mlevi. Inaitwa Factotum, ilitoka mwaka 2005, na aliyeiongoza ni Bent Hamer wa Norway. Jina hilo lina maana ya mtu wa kila kazi. Si filamu ya kutazama na watoto, lakini mama mwenye kijana anayekunywa ataitambua.

Henry Chinaski, anayechezwa na Matt Dillon, ni mwandishi. Anaandika hadithi, anazituma, anangoja jibu. Ili ale, anatafuta kibarua. Anatumwa kupeleka barafu kwa gari. Anafika kwenye bar, anakaa kunywa. Kazi imekwisha. Anapata nyingine, nayo inampotea. Anaishi na mwanamke, Jan, naye ni mnywaji. Leo wanaachana, kesho wanarudiana. Siku moja anarudi kwa wazazi. Mama anampa chakula. Baba anafika, anamfukuza.

Tusimame hapo kidogo. Mama aliona mtoto mwenye njaa. Baba aliona pombe. Kila mmoja aliona kweli, lakini nusu.

Vijana wetu wenye kipaji cha kuimba, kuchora au kuandika wanapenda kusema: “Mama, msanii lazima anywe.” Basi wajue habari za mtu aliyeandika kitabu ambacho filamu hii imetoka. Ni Mmarekani Charles Bukowski, na kitabu kilitoka 1975. Alikunywa sana, na alifanya kazi posta ya Los Angeles zaidi ya miaka 10. Mwaka 1969 mchapishaji John Martin alimwahidi dolari 100 kila mwezi aache posta na aandike. Akaacha, na kwa majuma machache tu akamaliza riwaya yake ya kwanza. Pombe alikuwa nayo miaka yote. Kilichoongezeka ni wakati na pesa ya uhakika. Kumbe haikuwa chupa iliyoandika.

Jambo hilo linaonekana pia katika filamu ya kwetu Kongo, Félicité, ya Alain Gomis. Ilitoka 2017, watu wanaongea Lingala, na ilipata zawadi kubwa Berlin na Ouagadougou. Félicité, anayechezwa na Véro Tshanda Beya, anaimba katika bar ya Kinshasa na kumlea kijana wake Samo peke yake. Samo anapata ajali ya pikipiki, na hospitali inataka pesa kabla ya kumpasua. Mama anazunguka mji mzima akidai madeni na kuomba. Anaporudi, mguu wa mtoto umekwisha kukatwa.

Hapo kuna mwanaume, Tabu, fundi na mlevi. Frigo ya Félicité anaitengeneza, inawaka, inazimika tena. Ungesema hafai kitu. Lakini Samo anaporudi nyumbani amenyamaza kabisa, ni Tabu anayemkaribia mpaka kijana anaanza kufunguka. Chupa yake ni taabu ya nyumba. Moyo wake ni msaada wa nyumba. Félicité hakuacha kazi yake ili amlee Tabu, wala hakumtupa.

Basi, mama mwenzangu, tutenganishe mtu na chupa. Mtu mpe sahani ya ugali na ndagala, usimpe franka. Deni la kanyanga aliloacha kwa jirani si deni lako, na pesa ya likelemba isiliguse. Asubuhi akiwa na akili timamu, mpe kazi yenye mwisho: kufunga mlango uliolegea, kubeba mzigo mpaka soko ya Mulongwe. Akimaliza, msifu mbele ya watu. Kama anaandika au anaimba, mwombe akuonyeshe.

Mambo mawili yasisahauliwe. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, usimfungie ndani ili aache ghafla. Anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, hata kushikwa na degedege na kufa. Mpeleke kwanza kituo cha afya. Na mlevi anayepiga, usimvumilie kwa jina la huruma: jiokoe wewe na watoto, mazungumzo yatafuata baadaye.

Ya kuzungumza katika kikundi:

1. Katika nyumba zetu, nani analipa gharama ya chupa: mnywaji, mama, au watoto wanaorudishwa masomo kwa kukosa minerval?

2. Mama wa Henry alitoa chakula. Angeweza kufanya nini zaidi kabla ya baba kufika?

3. Ni kijana gani wa avenue yenu ambaye tunamtaja kwa pombe yake tu, na kipaji chake tumekisahau?

Tuonane wiki ijayo.